Fainali Niliyoisikia kwa Masikio ya Baba Mdogo

Tarehe 25 Mei 2025 nilikuwa Makambako, ndani ya kibanda umiza kilicho hatua chache kutoka barabara kuu ya kwenda Mbeya. Kiingilio shilingi elfu moja, mabenchi ya mbao, watu wamejifunga makoti na mashuka kama ilivyo kawaida ya huku baridi inapoanza. Simba walikuwa wanarudiana na RS Berkane ya Morocco katika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, kwenye Uwanja wa Amaan, Zanzibar. Wiki moja kabla walikuwa wamefungwa 2-0 kule Berkane, kwa hiyo kila mtu kibandani alikuwa na hesabu yake kichwani. Joshua Mutale alipofunga bao la mapema, benchi la mbele lilivunjika. Sisemi kwa mfano. Lilivunjika kweli, na mwenye kibanda akatangaza palepale kwamba tutalilipa.

Baba mdogo alikuwa amekaa nami. Ni Simba tangu ujana wake, Simba wa kadi. Zilipobaki kama dakika kumi, ubao ukisoma 1-0, alinyanyuka, akavaa kofia yake ya sufi, akatoka nje. Nilidhani anakwenda kujisaidia. Hakurudi. Mwishoni kabisa, Soumaïla Sidibé wa Berkane akasawazisha, kibanda kikanyamaza, watu wakaanza kutafuta viatu vyao gizani.

Nilimkuta nje, ameegemea bodaboda ya mtu, anakula hindi la kuchoma.

"Wamerudisha?" aliniuliza.

"Wamerudisha, baba."

Akatafuna kwanza. "Afadhali ile ya tisini na tatu. Ile sikuiona."

Nimekuwa nikiifikiria sentensi hiyo kwa muda mrefu kuliko ninavyoifikiria tasnifu yangu. Ninasoma shahada ya uzamili ya historia, na mtu wa fani yangu hufundishwa kumthamini aliyeshuhudia. Hapa alikuwa mzee anayeniambia kwamba kutoshuhudia kulimsaidia.

Nianze na semina moja, kwa sababu ndiyo iliyonipeleka kumuuliza maswali. Mwenzetu aliyekulia Marekani alitoa mada kuhusu futiboli ya kwao, ile ya kofia ngumu na mpira uliochongoka pande mbili. Alituchorea ubaoni mchezaji wanayemwita kwotabeki. Huyu husimama nyuma ya ukuta wa wenzake wenye miili mikubwa, hupokea mpira, kisha ana sekunde chache tu za kuamua amrushie nani kabla hajaangushwa chini. Timu nzima hutembea kwa kichwa chake. Wakishinda husifiwa yeye, wakishindwa hulaumiwa yeye. Mfano wake ulikuwa Jim Kelly wa Buffalo Bills, aliyeipeleka timu yake kwenye fainali, yaani Super Bowl, mara nne mfululizo, kuanzia Januari 1991 hadi Januari 1994. Alipoteza zote nne. Ya kwanza walifungwa 20-19 baada ya mpigaji wao, Scott Norwood, kukosa shuti la yadi 47, kama mita 43 hivi. Hata hivyo Kelly aliingizwa kwenye jumba la heshima la mchezo huo mwaka 2002, na Buffalo, mji wa baridi kali mpakani na Kanada, haujaacha kumpenda.

Mwalimu akatuuliza: kwetu nani?

Darasa liligawanyika mara moja, na kama mnavyotarajia, liligawanyika Kariakoo. Upande mmoja ukasema Sunday Manara wa Yanga, aliyeitwa Kompyuta wakati ambao Watanzania wengi walikuwa hawajawahi kuiona kompyuta yenyewe, na ambaye mwaka 1977 alikwenda Uholanzi kucheza Heracles. Mimi nikasema Abdallah Kibadeni. Wakanicheka: Kibadeni alikuwa mfungaji, amefuata nini kwenye mada ya wapangaji? Nikawajibu kwamba Kibadeni alikuwa kichwa cha Simba mara mbili, kwa miguu na kwa mdomo. Tarehe 19 Julai 1977 alifunga mabao matatu Simba ilipoichapa Yanga 6-0, na hakuna mchezaji mwingine aliyepiga matatu katika mechi hiyo. Jumanne Hassan Masimenti alipata mawili, na jingine Yanga walijifunga. Miaka 16 baadaye, mtu huyohuyo alikuwa amekaa benchi kama kocha, Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF. Hapo ndipo niligundua kwamba kuhusu fainali hiyo ninajua matokeo, sijui kitu kingine chochote. Likizo ilipofika nikapanda basi kurudi nyumbani kumuuliza mtu aliyekuwapo, kwa maana ya kuwapo niliyokuwa nayo wakati ule.

Mwaka 1993 Baba mdogo alikuwa utingo wa lori la mahindi kati ya Songea na Dar es Salaam. Makambako ndipo barabara ya lami kutoka Songea, iliyokamilika miaka ya 1980, inapokutana na barabara kuu ya Zambia, na reli ya TAZARA nayo inapita hapohapo. Mji wenyewe ni kama fundo la kamba tatu. Kila habari ya Dar ilifika Makambako kwanza, ikalala usiku mmoja, ndipo ikapanda kwenda Njombe, ambako ni kama kilomita 60 za kona na miti ya misonobari.

Televisheni hazikuwapo. Vijana wa sasa husahau jambo hili: Tanzania Bara ilianza kuwa na vituo vya televisheni mwaka 1994. Zanzibar walikuwa nacho chao tangu miaka ya 1970, lakini kwa mtu wa Makambako hiyo ilikuwa nchi nyingine. Fainali ya Novemba 1993 ilikuja kwa njia moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam. Mechi ya kwanza kule Abidjan dhidi ya Stella ilikwisha 0-0. Matokeo mazuri, ukiyatazama harakaharaka. Ushindi wowote nyumbani ungeleta kombe la kwanza la Afrika katika historia ya nchi hii, na sare ya mabao ingelipeleka Ivory Coast.

Marudiano yalikuwa Jumamosi, tarehe 27 Novemba. Baba mdogo anasema dereva wake alikataa kuondoka Makambako. Alisema injini imechemka. Injini haikuwa imechemka. Malori yalipangana kando ya barabara, na madereva, matingo, mama lishe na wauza karanga wakakusanyika kwenye duka moja lenye redio kubwa ya mbao. Betri zilikuwa zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu. Mwenye duka aliweka sharti kwamba anayetaka kusikiliza anunue kitu, kwa hiyo Baba mdogo alinunua kiberiti, na baada ya mapumziko akalazimika kununua kingine.

"Mpira wa redio ulikuwaje?" nilimuuliza.

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa ugali ukoje. Kisha akasimama katikati ya sebule, akasogeza stuli kwa mguu, akaanza. Huyu hapa Mohamed Mwameja anadaka, anautuliza, anamwangalia George Masatu. Masatu kwa Hussein Marsha. Marsha anageuka hivi (akageuka), anamuona Malota Soma. Malota anapokea kifuani, anauacha udondoke, anampiga mtu tobo, anainua kichwa. Edward Chumila anakimbia huku, pembeni. Baba mdogo ana goti bovu tangu ajali ya mwaka 2008, lakini alimpiga tobo mtu ambaye hakuwapo, na mimi nikajikuta nimesogeza miguu.

"Malota ulishawahi kumuona anacheza?"

"Sijawahi."

"Hata picha?"

"Picha niliiona gazetini. Amekaa."

Sijui niiite nini hali hiyo. Mwalimu wangu angesema ni kumbukumbu iliyoundwa upya, na angekuwa sahihi. Lakini mtangazaji wa RTD wa miaka ile, watu wa kina Ahmed Jongo na Charles Hilary, alikuwa na kazi isiyofanana na ya mtangazaji wa leo. Wa leo anazungumza juu ya kitu unachokiona, kwa hiyo hupamba. Wa wakati ule alikuwa anaujenga uwanja kichwani mwa mtu aliyesimama kando ya lori, kilomita zaidi ya 600 kutoka uwanjani, na ilibidi aseme mpira uko upande gani, nani anao, yuko umbali gani na eneo la kumi na nane. Akikosea upande, nchi nzima inakosea naye. Nikimrudia yule mwenzetu na kwotabeki wake, naona kwamba kwa mtu wa Makambako aliyegawa mpira siku ile hakuwa Malota wala Marsha. Aliyegawa alikuwa mtangazaji. Wasikilizaji ndio waliokimbia kuupokea.

Mabao yalipokuja, yalikuja mawili, na yote ya Stella. Rais Ali Hassan Mwinyi alikuwa jukwaani. Simba 0, Stella 2. Baba mdogo hakumbuki bao la kwanza lilifungwaje. Anakumbuka kelele za uwanja zilivyokatika ndani ya redio, kiasi kwamba mwenye duka aliipiga redio kofi akidhani betri zimekwisha. Anasema huo ndio wakati alioelewa. Kabla mtangazaji hajatamka bao, alilisikia kwenye kimya.

Usiku ule dereva aliwasha lori na hawakusemeshana mpaka Mafinga.

Tangu hapo Tanzania Bara imefika fainali za Afrika mara mbili tena, na zote nimeziona kwa macho yangu, kwenye skrini. Ya Simba na Berkane nimeshaisimulia. Ya Yanga ilikuwa 2023, dhidi ya USM Alger. Tarehe 28 Mei, Dar es Salaam, walifungwa 2-1. Fiston Mayele alisawazisha dakika za mwisho, na hata watu hawajamaliza kukumbatiana Waalgeria wakafunga la pili. Tarehe 3 Juni kule Algiers, Djuma Shabani akapiga penalti mapema, Yanga wakashinda 1-0, jumla 2-2, na kombe likabaki Algiers kwa sababu ya mabao ya ugenini. Ukitaka kujua sheria hiyo ilivyo haina huruma wala upendeleo, kumbuka kwamba mwaka 1987 Gor Mahia ya Kenya walitoka 2-2 na Espérance kule Tunis, wakatoka 1-1 Nairobi, na wakalichukua Kombe la Washindi la Afrika kwa sheria hiyohiyo. Kilichowapa Wakenya kombe ndicho kilichowanyima Yanga. Naongeza jambo ambalo mashabiki wa Yanga hawapendi kukumbushwa: fainali ile waliicheza bila Feisal Salum, kiungo mzawa mwenye jicho la pasi kuliko wote wa kizazi chake, aliyekuwa kwenye mgogoro wa mkataba na klabu tangu mwisho wa 2022. Kama angecheza? Swali hilo halina jibu, ndiyo maana bado linaulizwa kwenye kila kijiwe.

Lakini nisiendelee na Kariakoo, kwa sababu kuna swali nililomuuliza Baba mdogo ambalo lilitushinda wote wawili.

Msimu wa 2017/18 mkoa wetu ulikuwa na timu Ligi Kuu. Njombe Mji walipanda pamoja na Lipuli ya Iringa na Singida United. Mkoa wenyewe ulikuwa mchanga, ulikatwa kutoka Iringa mwaka 2012, na ghafla Simba na Yanga walikuwa wanalazimika kupanda milima kuja kucheza Sabasaba, mjini Njombe, kwenye baridi. Septemba 2017 Yanga walikuja. Baba mdogo aliondoka Makambako alfajiri, na hii aliiona kwa macho yake mawili: Yanga 1, Njombe Mji 0, bao la Ibrahim Ajibu, fundi aliyekuwa ametoka kuhama Simba msimu uleule. Aprili 2018 wakaja Simba, wakashinda 2-0, yote ya John Bocco. Msimu ulipokwisha Simba walikuwa mabingwa, na timu mbili zilishuka daraja: Majimaji ya Songea na Njombe Mji. Barabara ile ya Makambako hadi Songea ilipoteza timu zake zote mbili za Ligi Kuu kwa mkupuo mmoja. Njombe Mji hawajarudi Ligi Kuu tangu wakati huo.

Nilimuuliza Baba mdogo siku ya Yanga ilikuwaje. Akanieleza foleni, ukungu ulivyochelewa kuondoka, kijana aliyepanda mti nje ya uwanja na tawi likamshusha, bei ya chai iliyopanda mara mbili. Akanieleza Ajibu alivyosimama kwenye mpira, alivyovuta soksi. Nikamuuliza: kiungo wa Njombe Mji alikuwa nani siku ile? Aliyekuwa anagawa mipira yetu?

Alifumba macho. Alijaribu. Mtu aliyenipangia safu ya Simba ya 1993 kutoka golini mpaka mbele, bila kuiona hata mara moja, hakuweza kunitajia jina moja la kiungo wa timu ya mkoa wake, ambayo aliilipia kiingilio na kuitazama dakika 90.

Ningependa kumcheka, lakini na mimi sikuweza. Nilikuwa kidato cha tano mwaka ule, nilikuwa na skafu ya timu, na jina sikuwa nalo. Nilipokwenda kutafuta habari za mechi zile mtandaoni, nyingi nilizokutana nazo zilikuwa zimeandikwa kutoka upande wa mgeni: Yanga yashinda ugenini, Simba yajiimarisha kileleni. Njombe Mji wamo kwenye sentensi kama uwanja ulivyomo. Walicheza, wakafungwa, basi likaondoka.

Nimejaribu kujieleza kwa nini. Sehemu ya jibu ni redio yenyewe niliyoisifu hapo juu. Kwa miaka mingi sauti ilitoka upande mmoja kuja upande mwingine. Dar ilisema, Makambako ikasikiliza, na masikio yakazoea majina fulani mpaka yakawa majina ya nyumbani. Baba mdogo hajawahi kukaa Msimbazi, lakini ndiko anakojua kila kona. Hakuna mtu aliyewahi kusimama Sabasaba na kumjengea uwanja ule kichwani, kupasi kwa kupasi, kwa majina ya vijana wa Njombe. Alipoiona timu yake kwa macho, hakuwa na maneno ya kuihifadhi. Buffalo walimlilia Kelly mara nne, lakini alikuwa kwotabeki wao, jezi ya mji wao. Sisi kilio chetu kikubwa cha mpira tulikilia kwa mji wa watu wengine, na sidhani kama tulikosea kukilia. Ninachojiuliza ni kilio cha Mei 2018 kilikwenda wapi. Sikumbuki mtu kulia. Nakumbuka watu kuuliza kama Simba watatembezewa kombe.

Tangu likizo ile nimeanza daftari. Si tasnifu, mwalimu wangu ameshaniambia mada hiyo haina vyanzo. Ninaandika kila kitu ambacho mtu wa Njombe au Makambako anakumbuka kuhusu msimu ule: muuza mitumba aliyemuuzia kipa glavu, dereva wa Coaster aliyewapeleka mazoezini, mama aliyekuwa anawapikia wachezaji na bado anadai pesa ya mchele wa wiki mbili. Majina yanakuja polepole, mengine bila jina la ukoo, na sitayaweka hapa mpaka wenyewe wakubali.

Juzi usiku Baba mdogo alinipigia. Nyuma yake nilisikia honi ya treni ya TAZARA, halafu mbwa.

"Kamwene, mwanangu. Umelala?"

"Kamwene, baba. Bado."

"Yule kiungo. Alikuwa wa mguu wa kushoto. Siku ile ya Yanga aliinua mpira juu ya kichwa cha mtu, kanzu kabisa, tukasimama wote jukwaani. Nimemkumbuka nikiwa naoga."

"Jina?"

"Jina hapana. Jezi nane." Akanyamaza kidogo. "Au kumi na nane."

"Nane au kumi na nane, baba?"

"Wewe andika zote mbili," alisema. "Kesho nitamuuliza yule aliyeanguka kwenye mti."